Uhakiki wa Istilahi za Usanisi wa Dawa na Ufubazaji wa Vimeng'enya

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki kundi moja la istilahi ambalo halijapewa uzito unaostahili, nalo ni istilahi za wanakemia na wafamasia wanaounda kampaundi mpya na kuzipima ili kujua kama zina uwezo wa kukwamisha utendaji wa vimeng'enya. Huenda msomaji akadhani kwamba kazi hiyo ni ya maabara tu, na kwamba lugha yake inaweza kubaki humo humo maabara. Dhana hiyo si sahihi. Aspirini anayoimeza mwenye kuumwa kichwa, vidonge vya SP anavyopewa mama mjamzito kliniki, penisilini, dawa za shinikizo la damu za jamii ya kaptoprili, na sehemu kubwa ya dawa za virusi vya UKIMWI, zote hutenda kwa njia moja: hukishika kimeng'enya fulani na kukinyima nafasi ya kufanya kazi yake. Mwananchi anayezitumia ana haki ya kuelezwa jambo hilo kwa lugha anayoielewa, na mhudumu wa afya anayemweleza ana haki ya kupewa maneno yasiyompotosha.

Istilahi tutakazozihakiki zimetoka katika vyanzo viwili. Baadhi ziliundwa na vyombo vya lugha, zikaingia katika vitabu vya shule na katika kamusi, hasa baada ya TUKI kuchapisha kamusi yake ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Nyingine zilizuka katika hospitali, katika maduka ya dawa na katika vyombo vya habari, bila ya kikao wala kamati. Hatuna sababu ya kudhani kwamba za kwanza ni bora kuliko za pili kwa kuwa tu zina muhuri. Tutazipima zote kwa vigezo vitatu: kwanza, kama istilahi inaieleza dhana yake kwa usahihi, pili, kama inanyambulika, yaani kama inaweza kuzaa ndugu zake inapohitajiwa, na tatu, kama haigongani na maana ambayo neno hilo tayari linayo katika mazungumzo ya kila siku. Kigezo hiki cha tatu ndicho kinachosahaulika mara nyingi, na ndicho kinachomletea mgonjwa madhara.

2. Kazi yenyewe

Kabla ya kuhukumu maneno, hapana budi tuieleze kazi inayotajwa na maneno hayo. Tuchukue mfano wa pirimethamini. Katika miaka ya 1940 George Hitchings na Gertrude Elion, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara ya Burroughs Wellcome huko Marekani, walianza kuunda kampaundi zilizofanana kwa umbo na viungo ambavyo chembe hai huvitumia kujengea DNA yake. Hoja yao ilikuwa nyepesi: chembe ikidanganywa kwa kupewa kiungo cha bandia, itashindwa kuzaliana. Walipotambua kwamba baadhi ya kampaundi zao zilifanana na proguanili, dawa ya malaria iliyogunduliwa Uingereza katika miaka hiyo hiyo, walizipeleka kupimwa dhidi ya vimelea vya malaria. Katika kuzibadili kampaundi hizo, kuongeza kundi hili la atomi hapa na kuondoa lile pale, na kuipima kila moja, walifikia pirimethamini mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1988 walitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na James Black.

Pirimethamini hukishika kimeng'enya kiitwacho dihidrofoleti ridaktesi. Kimeng'enya hiki huitayarisha foleti ili iweze kutumika katika ujenzi wa DNA. Binadamu naye anacho kimeng'enya cha jina hilo, lakini pirimethamini hukishika cha kimelea kwa nguvu zaidi mara nyingi kuliko cha binadamu, na hapo ndipo usalama wa dawa ulipo. Mwenzake, salfadoksini, hukishika kimeng'enya kingine kilichotangulia katika njia hiyo hiyo, ambacho kimelea anakihitaji ili ajitengenezee foleti yake. Binadamu hana kabisa kimeng'enya hicho, maana yeye huipata foleti katika chakula. Dawa hizo mbili zikiwekwa pamoja katika kidonge kimoja, miligramu 500 za salfadoksini na miligramu 25 za pirimethamini, ndipo ipatikanapo SP.

Katika maelezo hayo mafupi tumetaja kuunda, kampaundi, kupima, kimeng'enya na kushika. Karibu kila moja ya dhana hizo ina mgogoro wa istilahi.

3. Kampaundi, mchanganyiko na mseto

Katika mazungumzo ya kawaida neno mchanganyiko hubeba mzigo mkubwa mno. Maji na chumvi ni mchanganyiko. Mchanga na saruji ni mchanganyiko. Na mwalimu asiye na neno jingine husema pia kwamba maji yenyewe ni mchanganyiko wa haidrojeni na oksijeni. Hapo mwanafunzi amekwisha kupotezwa. Haidrojeni huwaka na oksijeni huchochea moto, lakini maji huuzima. Vitu viwili vilivyoungana kikemia vimepoteza tabia zake na kuzaa kitu cha tatu, ilhali vitu vilivyochanganywa tu hubaki na tabia zake na huweza kutenganishwa kwa kuchuja au kwa kukausha juani.

Kwa sababu hiyo mkopo kampaundi, ingawa haupendezi sikioni kwa baadhi ya wataalamu, umetimiza haja. Msombo limependekezwa mahali pake, nalo ni neno lenye asili nzuri, lakini kusomba na kusombana katika masikio ya wengi humaanisha kubeba vitu kutoka mahali hadi mahali, wala hapana dalili ya muungano humo. Tunaona ni afadhali kampaundi ibaki.

Lakini istilahi inayostahili sifa kuliko zote katika fungu hili haikutoka katika kamati yoyote. Tanzania iliacha klorokwini mwaka 2001 na kuifanya SP kuwa dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali. Kisha, kuanzia mwaka 2006, SP nayo ikapisha artemetha na lumefantrini zilizomo katika kidonge kimoja. Dawa hiyo mpya iliitwa dawa mseto. Kila Mswahili anaujua mseto: ni mchele na choroko vilivyopikwa chungu kimoja. Mlaji anakula chakula kimoja, lakini mchele haukugeuka kuwa choroko, wala choroko haikugeuka kuwa mchele. Ndivyo ilivyo katika kidonge: miligramu 20 za artemetha zimekaa pamoja na miligramu 120 za lumefantrini, kila kampaundi ikiwa na umbo lake na kazi yake. Neno moja la jikoni limeeleza kwa usahihi jambo ambalo sentensi tatu za kitaalamu zingelieleza kwa taabu. Tunapendekeza mseto usanifishwe rasmi kwa dhana hii, na mchanganyiko ubaki kwa maana pana ya kemia.

4. Usanisi, na tuhuma dhidi ya kemikali

Kitenzi kusanisi na nomino usanisi zimekwisha kuota mizizi kupitia usanisinuru, neno ambalo kila mtoto aliyesoma sayansi ya shule ya msingi amekutana nalo. Wapo wanaouliza: kwa nini tusiseme kutengeneza tu? Jibu ni kwamba kutengeneza ni pana mno. Kiwanda kinachosaga unga wa dawa kilioununua kwingine na kuugandamiza kuwa vidonge kinatengeneza dawa, lakini hakijasanisi chochote. Mwanakemia anayeunganisha molekuli ndogo na kupata molekuli kubwa ambayo haikuwamo katika chupa yake anasanisi. Tofauti hiyo ina faida hata katika siasa ya uchumi, kwa maana nchi inaweza kujivunia kwamba inatengeneza dawa zake hali inaagiza kutoka nje kila kampaundi iliyomo ndani ya dawa hizo. Lugha isiyotofautisha mambo hayo mawili humfanya mwananchi asijue nchi yake imefika wapi.

Aidha, usanisi hunyambulika. Kinini, ambayo hutolewa katika gome la mti wa sinkona, ni kampaundi ya asili. Lumefantrini ni kampaundi sanisi. Artemetha imo katikati: artemisinini hutolewa katika mmea, ambao jina lake la sayansi ni Artemisia annua, kisha wanakemia huibadili kidogo ili iweze kuyeyuka na kutenda vizuri zaidi. Artemisinini yenyewe ilitengwa nchini Uchina katika miaka ya 1970, na Tu Youyou alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2015. Kwa kampaundi za aina ya artemetha tunapendekeza nususanisi. Basi katika dawa mseto hiyo moja kuna kampaundi nususanisi na kampaundi sanisi, na lugha yetu ina uwezo wa kusema hivyo bila ya kigugumizi.

Hapa hatuna budi kuligusa neno kemikali. Wauzaji wa dawa za miti shamba hujisifu kwamba dawa zao hazina kemikali, na wanunuzi huridhika. Kwa maana ya sayansi sifa hiyo haiwezekani: maji ni kemikali, chumvi ni kemikali, na kinini iliyomo katika gome ni kemikali ile ile iliyomo katika kidonge. Katika matumizi ya mitaani kemikali limekuwa jina la sumu iliyotoka kiwandani. Madhara yake ni mawili. Mgonjwa huogopa dawa iliyopimwa, na wakati huo huo huacha kuiogopa dawa isiyopimwa, kana kwamba mti hauwezi kubeba sumu. Wazee wetu hawakuwa na dhana hiyo. Walijua vyema mti gani unaponya, mti gani unaua, na kwamba wakati mwingine ni mti ule ule kwa vipimo mbalimbali. Haifai Baraza litoe amri ya kuwakataza watu kusema. Linaloweza kufanya ni kuhakikisha kwamba kila kamusi na kila kitabu cha shule kinatoa fasili ya kemikali isiyotofautisha kati ya kiwanda na shamba.

5. Kimeng'enya: neno lililokwisha kukubalika

Kimeng'enya limeundwa kutokana na kumeng'enya, yaani kuvunjavunja kitu kuwa vipande vidogo, na katika biolojia, kukivunja chakula tumboni. Walioliunda walikuwa wakifikiria mate, tumbo na utumbo, na kwa vimeng'enya vya huko jina linafaa kabisa. Lakini kemia ya mwili haikomei tumboni. Dihidrofoleti ridaktesi haimeng'enyi kitu. Inaongeza haidrojeni katika foleti. Vimeng'enya vinavyonakili DNA hujenga, wala havivunji. Kwa kigezo chetu cha kwanza, basi, istilahi hii ina upungufu.

Je, tuiache na kurudi kwenye enzaimu? Hatuoni sababu ya kutosha. Maneno hupanuka maana kwa matumizi. Ndege alikuwa kiumbe mwenye mabawa ya manyoya kabla ya kuwa chombo cha abiria, na hakuna msafiri anayetazamia kuona manyoya kiwanjani. Kifaru naye aliingia vitani bila ya kupoteza pembe yake porini. Kimeng'enya kimo vitabuni, kinatamkika, na kina wingi unaoeleweka. Sharti letu ni moja: mwalimu aseme wazi, tangu somo la kwanza, kwamba vimeng'enya vingine huvunja na vingine hujenga.

Hata hivyo, upungufu huo usienezwe kwa watoto wa neno. Kitu ambacho kimeng'enya hukifanyia kazi kimewahi kupendekezewa jina la kimeng'enywa. Kwa sarufi ni unyambulishaji safi, lakini kwa maana ni kosa juu ya kosa, kwani kitu kinachojengwa kitaitwa kilichovunjwa. Isitoshe, kimeng'enya na kimeng'enywa hutofautiana kwa sauti moja tu, na katika ukumbi wa mihadhara wenye kelele sauti hiyo haisikiki. Tunapendekeza kitendewa, neno ambalo watu wa sarufi wamekwisha kutuzoesha jirani yake, mtendewa. Kimeng'enya hutenda, kitendewa hutendewa. Haijalishi kitendo chenyewe ni kuvunja au kujenga.

Vilevile tunaonya juu ya kichocheo. Neno hili hutumika kwa kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kemia, na waandishi wengine hulitumia pia kwa homoni. Kimeng'enya ni kichocheo kwa maana ya kwanza, na si homoni. Kwa kuwa homoni limekwisha kupokewa na wote, kichocheo kiachiwe kemia.

6. Kuua, kuzuia na kufubaza

Tumefikia kiini cha uhakiki wetu, yaani jina la kitendo chenyewe: kampaundi inapokishika kimeng'enya na kupunguza au kukomesha utendaji wake, imefanya nini?

Watu wengi husema imekiua. Lugha hii inafaa kwa kimelea, ambaye kweli hufa. Haifai kwa kimeng'enya, ambacho ni molekuli ya protini, haikuzaliwa na haifi. Kosa hili lingekuwa dogo kama lingebaki katika nadharia. Lakini mgonjwa anayeambiwa kwamba dawa inaua hutazamia mzoga. Homa ikishuka siku ya pili, huona kwamba adui amekufa, na vidonge vilivyosalia huviweka akiba kwa ajili ya mwanawe. Kipimo kamili cha dawa mseto kwa mtu mzima ni vidonge 24 katika siku tatu. Vidonge vilivyowekwa akiba vimetolewa katika hesabu hiyo.

Wataalamu wengi husema kuzuia, na wakala wa kitendo humwita kizuizi au kizuiaji. Kizuizi tunakikataa mara moja. Barabarani kizuizi ni gogo na askari, na mtu aliye kizuizini ni mahabusu. Kizuiaji ni bora zaidi, nalo lingetosha kama kuzuia lisingekuwa na kazi nyingine katika zahanati hiyo hiyo. Mama mjamzito hupewa SP kwa vipindi ili kuzuia malaria, na hapo kuzuia ni kumkinga mtu kabla hajaugua. Dawa hiyo hiyo huzuia vimeng'enya viwili vya kimelea, na hapo kuzuia ni kukwamisha utendaji. Ukiandika kwamba SP ni dawa ya kuzuia, umeandika sentensi yenye maana mbili, zote za kweli, na msomaji hana njia ya kujua ipi uliyoikusudia. Istilahi inayoweza kuwa kweli kwa maana mbili katika ukurasa mmoja haijafikia daraja ya kuwa istilahi.

Lipo tatizo jingine la kuzuia. Katika fikra za msemaji wa Kiswahili, mlango uliozuiwa haupitiki. Ama umezuiwa ama haukuzuiwa. Mpimaji maabara hafanyi kazi ya ama hili ama lile. Yeye huweka kimeng'enya katika neli, huongeza kampaundi kidogo kidogo, na kila hatua huangalia utendaji umebaki kiasi gani: asilimia 90, 70, 50, 10. Namba anayoitafuta kuliko zote ni ukolezi wa kampaundi unaoupunguza utendaji wa kimeng'enya hadi nusu. Kadiri ukolezi huo ulivyo mdogo, ndivyo kampaundi ilivyo na nguvu. Kitenzi kinachofaa kazi hiyo ni kile chenye ngazi ndani yake.

Kitenzi hicho tunacho, na tumepewa na wananchi. Dawa za virusi vya UKIMWI zilipoenea, watu walianza kuziita dawa za kufubaza virusi. Asili ya neno ni rangi: kanga ikifuliwa na kuanikwa juani siku nyingi hufubaa, yaani hupoteza mng'ao wake. Inaweza kufubaa kidogo, inaweza kufubaa nusu, inaweza kufubaa hata maua yake yasitambulike. Kufubaza kuna ngazi. Tena neno hili lina uaminifu. Halimwahidi mgonjwa kwamba virusi vimekufa. Humwambia kwamba vipo, havina makali, na kwamba makali hayo yatarudi endapo ataacha dawa. Kwa kitenzi kimoja mgonjwa ameelewa kwa nini anameza vidonge kila siku ya maisha yake.

Pengine mtu atapinga akisema: watu hufubaza virusi, wewe unazungumzia kufubaza vimeng'enya. Pingamizi hili linajibika kwa mfano. Zidovudini ilisanisiwa na Jerome Horwitz mwaka 1964 katika kutafuta dawa ya saratani, ikawekwa kando, na mwaka 1987 ikawa dawa ya kwanza ya UKIMWI kuidhinishwa nchini Marekani. Kazi yake ni kukikwamisha kimeng'enya ambacho kirusi hukitumia kunakili RNA yake kuwa DNA. Kirusi hufubaa kwa sababu kimeng'enya chake kimefubazwa. Usemi wa wananchi ulitaja matokeo. Istilahi itataja pia sababu, na neno ni moja.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Rangi iliyofubaa hairudi, lakini vipo vimeng'enya vinavyorudia kazi mara tu kampaundi inapoondoka. Hapa istilahi inahitaji msaada wa sifa. Tunapendekeza ufubazaji wa muda na ufubazaji wa kudumu. Pirimethamini hufubaza kwa muda, kwa kukikalia kimeng'enya mahali pa kitendewa chake. Aspirini hufubaza kwa kudumu: huacha kipande chake juu ya kimeng'enya, na kimeng'enya hicho hakirudii tena kazi mpaka mwili utengeneze kingine. John Vane alionyesha mwaka 1971 kwamba aspirini hukomesha utengenezaji wa prostaglandini, akajibu swali lililokuwapo tangu dawa hiyo iliposanisiwa na Felix Hoffmann katika kampuni ya Bayer mwaka 1897. Na kwa kampaundi inayogombea na kitendewa mahali pale pale, kifubazi shindani linatosha.

7. Uhai, uamilifu na kipimo

Kampaundi iliyo na nguvu ya kutibu katika kidonge huitwa na wengi kiambata hai. Hai ni sifa ya kiumbe. Mtu akisoma kwamba kidonge kina kiambata hai, ana haki ya kuuliza kinakula nini. Upotovu wa neno hili huonekana vyema katika kisa cha Prontosil, dawa ambayo Gerhard Domagk alitangaza mwaka 1935 huko Ujerumani. Ndani ya mwili wa panya ilishinda bakteria. Ndani ya neli haikufanya kitu. Mwaka huo huo watafiti wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris walieleza sababu: mwili huivunja Prontosil na kutoa salfanilamidi, na hiyo ndiyo itendayo kazi. Je, tuseme Prontosil ilikuwa mfu katika neli ikafufuka mwilini? Amilifu na uamilifu hutuepusha na kichekesho hicho. Tutasema kwamba Prontosil haikuwa na uamilifu ndani ya neli, bali ilipata uamilifu ndani ya mwili. Na dawa ya namna hiyo tutaiita dawa tangulizi.

Neno kipimo nalo linahitaji kupunguziwa kazi. Daktari huandika kipimo cha dawa, mgonjwa huenda kuchukuliwa vipimo, na mtaalamu wa maabara hushika kipimo mkononi. Katika taarifa ya kupima uamilifu wa kampaundi, maana zote tatu hukutana katika aya moja. Kwa kiasi cha dawa apewacho mgonjwa, dozi limekwisha kukubaliwa hata vijijini. Kwa kitendo cha kutafuta nguvu ya kampaundi, upimaji latosha. Kipimo kibaki kwa chombo na kwa matokeo yake.

8. Usugu ni wa nani?

Istilahi ya mwisho ndiyo yenye hatari kubwa. Husemwa usugu wa dawa. Kwa sarufi yetu, ukali wa kisu ni ukali ulio katika kisu. Basi usugu wa dawa ungekuwa katika dawa. Wagonjwa wengi hawaelewi hivyo wala vinginevyo: wao husema kwamba miili yao imeizoea dawa. Sugu ni ngozi ngumu inayoota kiganjani mwa mkulima kwa sababu ya mpini wa jembe, na ni rahisi mtu kudhani kwamba mwili wake umeota sugu ya namna hiyo.

Ukweli ni mwingine. Katika vimelea vilivyoishinda pirimethamini, kimeng'enya cha dihidrofoleti ridaktesi kimebadilika. Badiliko la kwanza na lililo kubwa ni la asidi amino moja tu, ya 108 katika mfululizo wake, ambapo serini imeondoka na asparajini imekaa mahali pake. Kampaundi haikibani tena kimeng'enya kama zamani. Mabadiliko mengine yakiongezeka, SP hushindwa kuponya. Hivyo ndivyo dawa hiyo ilivyopoteza nafasi yake katika nchi zetu. Usugu umo katika kimelea, na kimelea husafiri na mbu kutoka mtu hadi mtu. Mgonjwa anayeamini kwamba mwili wake ndio uliozoea huona kwamba tatizo ni lake peke yake. Akijua kwamba ni kimelea, ataelewa kwamba limo katika kijiji kizima.

Kwa hiyo tunaunga mkono usemi usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ambao wahudumu wa afya wamekwisha kuufupisha kuwa UVIDA. Ni mrefu, lakini kila kitu kimekaa mahali pake: aliye na usugu ametajwa, na kinachokataliwa kimetajwa.

9. Mapendekezo

Kutokana na uhakiki huu tunapendekeza istilahi zifuatazo zifikiriwe kusanifishwa:

Kampaundi: kitu kilichotokana na elementi mbili au zaidi zilizoungana kikemia.
Mseto: dawa yenye kampaundi amilifu mbili au zaidi zisizoungana kikemia.
Kusanisi, usanisi, sanisi, nususanisi: kuunda kampaundi kutoka katika kampaundi au elementi nyingine, na sifa zitokanazo.
Kimeng'enya: protini inayoharakisha mabadiliko ya kemia katika kiumbe, yawe ya kuvunja au ya kujenga.
Kitendewa: kitu kinachobadilishwa na kimeng'enya.
Kufubaza, kifubazi, ufubazaji: kupunguza au kukomesha utendaji wa kimeng'enya, kampaundi ifanyayo hivyo, na kitendo chenyewe.
Ukolezi wa nusufubazo: ukolezi wa kifubazi unaoupunguza utendaji wa kimeng'enya hadi nusu.
Kukinga: kumpa mtu dawa kabla hajaugua.
Uamilifu, amilifu: uwezo wa kampaundi kuathiri kiumbe au sehemu ya kiumbe.
Usugu wa vimelea dhidi ya dawa: hali ya vimelea kuendelea kuishi na kuzaliana palipo na dozi ambayo awali iliwashinda.

Istilahi tatu katika orodha hii, yaani mseto, kufubaza na usugu wa vimelea, zilikomaa katika vyumba vya dawa kabla ya kufika mezani petu. Hilo liwe fundisho kwa kamati zetu za sayansi: zisikutane na kamusi za kigeni peke yake, bali ziwaite pia wauguzi, wauza dawa na wakunga, wayasikilize maneno wanayoyatumia asubuhi kliniki inapojaa, kisha wayapime kwa vigezo. Kwa upande wa watafiti wa vyuo vyetu na wa Taasisi ya Tiba Asilia hapo Muhimbili, ambao huchunguza mimea yetu ili kujua uamilifu wake, tunawaomba kila wanapochapisha matokeo yao kwa lugha ya kigeni watoe na muhtasari wa Kiswahili, hata kama ni wa ukurasa mmoja. Istilahi zisizoandikwa na wenye kazi yao hazitaota mizizi, hata zikisanifishwa mara mia.